Mwalimu wa Kiingereza wa Garissa Alelewe Garissa

Januari 2020 wanamgambo wa Al-Shabaab waliwaua walimu watatu huko Kamuthe, kaunti ya Garissa. Haikuwa mara ya kwanza. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa na abiria 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo ya Desemba. Februari 2018 damu ya walimu ikamwagika tena Qarsa, kaunti ya Wajir. Baada ya Kamuthe, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka sehemu kubwa za Garissa, Wajir na Mandera. Mwalimu aliyefunga virago hana lawama, kwani roho ni moja. Lakini watoto walibaki, na mtihani wa kidato cha nne (KCSE) ukawasubiri vilevile, kwa maswali yaleyale yanayomsubiri mtoto wa Kiambu na wa Kisii.

Tangu hapo, kila elimu ya kaskazini mashariki inapotajwa, tunazungumza juu ya usalama: kambi za polisi, ua wa shule, marupurupu ya kazi ngumu. Mazungumzo hayo ni ya lazima. Hata hivyo kuna swali ambalo hujibiwa nusunusu. Yule mwalimu ambaye hatahitaji kuhamishwa atatoka wapi? Jibu langu ni kwamba atoke Garissa, katika chuo kikuu kilicho pale pale mjini, na kwamba shahada ya kuwekewa fedha na akili mapema kuliko nyingine ni ile ambayo wazazi wengi huiona ya anasa: ualimu wa Kiingereza na fasihi.

Najua jinsi pendekezo hilo linavyopokelewa. Familia iliyouza ngamia kumlipia mtoto karo hutaka kusikia uuguzi, uhandisi au kompyuta. Riwaya na mashairi yatamlisha nani? Ni swali la haki kutoka kwa watu ambao mifugo yao imeteketea kwa ukame mmoja baada ya mwingine. Lakini huyo muuguzi na huyo mhandisi wanatengenezwa kwa lugha gani? Katika mtihani wa KCSE, toa Kiswahili na lugha chache nyingine. Biolojia, fizikia, hesabu, jiografia na biashara zote huulizwa na kujibiwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Modogashe anayejua kabisa jinsi moyo unavyosukuma damu atapoteza alama kama hawezi kulielewa swali na kuliandikia sentensi tatu zilizonyooka. Shule isiyo na mwalimu wa Kiingereza inapungukiwa katika karibu kila somo.

Upungufu huo una historia. Serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojumuisha eneo hili, na chini ya sheria ya 1934 kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Shule karibu hazikujengwa, kwa kuwa wakoloni waliiona nchi ile kama ukuta wa kuwatenga majirani. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa mkoani mwezi huohuo, vita vya Shifta, vya waliotaka eneo lijiunge na Somalia, vikaendelea hadi 1967, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi 1991. Katikati ya hayo, Waraka Namba 10 wa 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza penye ardhi nzuri na mvua. Kaskazini mashariki haikuwa na mvua, wala haikupata fedha. Mwalimu mwenyeji wa Kiingereza hukosekana leo kwa sababu babu yake hakujengewa shule, baba yake akasoma chini ya amri ya kutotoka nje, naye mwenyewe akafundishwa na walimu wa bodi waliobadilika kila muhula.

Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Garissa kina uzito mkubwa kuliko ukubwa wake. Mwaka 2011 kilichokuwa chuo cha walimu kilipandishwa na kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, mahali pa kwanza pa elimu ya chuo kikuu ya umma katika eneo zima. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliingia humo alfajiri na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Walionusurika walipelekwa Eldoret kumalizia masomo, na wengi nchini walidhani lango lile limefungwa moja kwa moja. Januari 2016 likafunguliwa, wanafunzi wachache wakarudi madarasani, na mwaka 2017 chuo kikapewa hati ya kujitegemea. Kilifunguliwa na watu waliokataa kuamini kwamba kijana wa Ijara au Balambala lazima apande basi kwenda Nairobi, safari ya kilomita zaidi ya 350, ndipo aitwe msomi.

Chuo hicho ni kichanga na kidogo ukikilinganisha na Nairobi, Kenyatta au Moi. Kwa masomo mengi udogo ni tatizo, kwa maana maabara ni ghali na mitambo haipatikani kwa maneno matamu. Kwa Kiingereza na fasihi udogo unaweza kuwa neema. Kuandika hufundishwa kwa insha kusomwa na mtu mwenye muda, kusahihishwa, kurudishwa, kuandikwa upya na kusomwa tena. Katika ukumbi wa wanafunzi 400 jambo hilo haliwezekani, mhadhiri awe na moyo kiasi gani. Katika darasa dogo linawezekana kila wiki, na mwanafunzi aliyesahihishwa hivyo kwa miaka minne atajua kuwasahihisha wanafunzi wake vivyo hivyo.

Kazi inayomsubiri si ndogo. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, Kiingereza na fasihi ni somo moja katika shule za upili za Kenya. Mwalimu mmoja hubeba sarufi na riwaya, matamshi na tamthilia. Mtihani wa Kiingereza wa KCSE umegawanywa katika karatasi tatu, na karatasi ya kwanza peke yake ina alama 60, ambazo 30 kati yazo hupimwa kwa stadi za mazungumzo: maneno yanayokaribiana kwa sauti, vina, mkazo, adabu ya kuongea. Mtahiniwa hazungumzi na mtu. Huandika kuhusu sauti kwenye karatasi, kwa hiyo lazima awe amezisikia na kuzifahamu kabla ya kuingia chumba cha mtihani.

Hapo ndipo mwalimu aliyekulia ndani ya Kisomali huwa na nguvu ambayo mwingine hana. Kisomali hakina sauti ya p. Mtoto wa Garissa anaposikia p, sikio lake huipeleka kwenye b, na mkono wake huandika b. V humpeleka kwenye f. Katika tahajia rasmi ya Kisomali, iliyotangazwa mwaka 1972, herufi c huandikiwa sauti ya ain ya Kiarabu, na x huandikiwa ha ile nzito ya kooni. Mtoto aliyezoea kuandika jina Cabdi, linalotamkwa Abdi, hukutana na c ya Kiingereza ikisomwa mara k, mara s. Kabla ya hayo yote huwa amekwisha kukaa duksi, shule ya Kurani, akahifadhi sura za Kurani na kuzoea kusoma kutoka kulia kwenda kushoto. Mwalimu asiyeyajua hayo humwona mtoto mzembe, akamwadhibu kwa kosa ambalo lina chanzo na lina tiba. Anayeyajua humkalisha, akamwonyesha jinsi midomo inavyotoa pumzi kwenye p, akampa jozi za maneno za kusikiliza, na katika muhula mmoja kosa linapungua.

Elimu ya namna hiyo inatakiwa kufundishwa chuoni kama sehemu ya shahada. Isimu ya Kiingereza ikisomeshwa Garissa, isomeshwe pamoja na isimu ya lugha za Garissa: Kisomali kwanza, kisha Kipokomo na Kiorma cha kandokando ya mto Tana, na Kiboni cha upande wa Ijara. Mwanafunzi atoke akiwa na uwezo wa kutabiri makosa ya darasa lake kabla hajaingia, kama daktari anayejua magonjwa ya wilaya yake.

Kwenye fasihi utajiri ni mkubwa zaidi. Mwaka 1856 msafiri Mwingereza Richard Burton alichapisha kitabu cha safari zake katika nchi ya Wasomali, akawasifu kuwa watu waliojaa washairi. Gabay ni utungo wa mambo mazito: vita, amani, mifugo, siasa, maombolezo. Buraanbur ni wa wanawake, hadi leo husikika harusini. Sheria ya ushairi wa Kisomali ni ngumu. Shairi zima hufuata sauti moja ya mwanzo: ukianza na d, kila mstari lazima uwe na neno linaloanza kwa d, mpaka mwisho, hata kama mistari ni mia. Irabu zote huhesabiwa kuwa sauti moja. Juu ya hilo kuna mizani ya irabu ndefu na fupi, ambayo watunzi waliifuata kwa sikio kwa vizazi na vizazi, hadi mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, aliyejulikana zaidi kama Gaarriye, alipoanza kuchapisha kanuni zake mwaka 1976.

Sasa mchukue mwanafunzi aliyelelewa na sauti hizo, umpeleke kwenye somo la ushairi wa kale wa Kiingereza. Beowulf, utenzi unaofungua historia ya fasihi hiyo, haukujengwa kwa vina vya mwisho. Ulijengwa kwa takriri ya konsonanti za mwanzo, na humo pia irabu zote hukubaliana zenyewe kwa zenyewe. Wanafunzi wa London hulisoma jambo hilo kama desturi iliyokufa karne nyingi zilizopita. Mwanafunzi wa Garissa amelisikia kwa ayeeyo, nyanya yake. Anaingia katika fasihi ya Kiingereza kwa mlango wa mbele, akiwa mtu mwenye kipimo chake cha kulinganishia. Lakini hataliona hilo kama mhadhiri hatamwonyesha, na mhadhiri hatamwonyesha ikiwa muhtasari wa masomo umenakiliwa neno kwa neno kutoka chuo kingine.

Vita vya kuubadilisha muhtasari wa namna hiyo vilianzia nchini mwetu. Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban Lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe na mahali pake pawe na idara itakayoiweka Afrika katikati, fasihi simulizi ikiwa nguzo yake. Idara ikabadilika. Mwaka 1974 walimu na wasomi walikutana Nairobi School kujadili fasihi ya Kiafrika shuleni, na kutokana na msukumo huo fasihi simulizi ikaingia katika mtaala. Wasomi walirudi kwao kukusanya: Naomi Kipury akachapisha fasihi simulizi ya Wamaasai mwaka 1983, na Wanjiku Kabira na Karega wa Mutahi ile ya Wagikuyu mwaka 1988. Lo Liyong na wenzake walishinda vita vile Nairobi. Garissa bado inavidai. Karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE hutoa alama 20 kwa shairi au utungo wa fasihi simulizi, na mtoto wa Wajir huufanyia mazoezi kwa ngano za sungura na fisi za makabila mengine, huku bahari ya tungo ikivuma nyumbani kwao bila kutiwa kwenye kitabu chake.

Waandishi wa kuwekwa mbele ya mwanafunzi huyu wapo. Nuruddin Farah, aliyezaliwa Baidoa mwaka 1945, alitoa riwaya yake ya kwanza, From a Crooked Rib, mwaka 1970, juu ya msichana wa wafugaji anayekimbia ndoa aliyopangiwa. Warsan Shire, mshairi aliyezaliwa Kenya kwa wazazi Wasomali na kukulia London, alichaguliwa mwaka 2013 kuwa mshairi kijana wa kwanza rasmi wa jiji hilo. Na kutoka kambi za Dadaab, ambazo ziko kama kilomita 100 kutoka mji wa Garissa na zimekuwepo tangu 1991, Asad Hussein aliandika hadi akafika Princeton nchini Marekani mwaka 2018. Alizaliwa kambini, akasoma kambini, na hadithi zake zikachapishwa katika magazeti makubwa ya dunia. Kipaji kipo. Kinachokosekana ni ngazi ya kukipandisha bila kumtaka mtu kwanza aondoke.

Wapo wenye hofu ya dini, na hofu hiyo sitaki kuidharau. Mzazi huuliza kama riwaya za Wazungu hazitamvua mtoto wake maadili. Namjibu kwa mfano wa Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar aliyefundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Riwaya yake Paradise, ya 1994, ina kijana anayeitwa Yusuf, na nyuma ya kisa chake kinasimama kisa cha Nabii Yusuf. Mwanafunzi aliyehifadhi sura ya 12 ya Kurani atayaona humo mambo ambayo msomaji wa Nairobi au Chicago atayaruka. Elimu yake ya duksi inakuwa mali darasani. Na fasihi haimtaki msomaji akubaliane na kila mhusika. Humtaka ampime, ahoji alichotenda, atetee hukumu yake kwa ushahidi wa maandishi. Jamii inayotatua kesi zake kwa wazee kukaa chini ya mti na kusikiliza kila upande haiwezi kuuogopa ustadi huo.

Tena kuna mambo ambayo fasihi huyazungumza mahali ambapo hotuba hushindwa. Kwa miaka kadhaa Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet ilikuwa riwaya ya lazima ya KCSE. Inahusu dada wawili Wamaasai wanaopinga ukeketaji na ndoa za kulazimishwa. Kaskazini mashariki ndiyo sehemu yenye kiwango cha juu kabisa cha ukeketaji nchini, ingawa sheria iliupiga marufuku mwaka 2011. Fikiria uzito wa kukifundisha kitabu hicho mbele ya wasichana 40 wa Garissa. Mwalimu mgeni, kwa hofu au kwa heshima, huenda akapita haraka hadi kwenye maswali ya mtihani. Mwalimu wa kike aliyekulia mtaa uleule, anayeitwa abaayo, yaani dada, na mama wa wanafunzi wake, anaweza kukaa na ukurasa mgumu kadiri unavyostahili. Kwa hiyo kati ya wote tunaopaswa kuwapeleka kwenye shahada hii, wasichana watangulie.

Ninapomtetea mwenyeji simfungii mlango mgeni. Wengi wa vijana waliouawa mwaka 2015 walitoka kaunti nyingine, na walikwenda Garissa kwa imani kwamba Kenya ni yao yote. Chuo hicho lazima kibaki cha Wakenya wote, na madarasa yake ya fasihi yatakuwa bora zaidi Msomali, Mkamba, Mpokomo na Mluo wakisoma shairi moja na kulibishania. Lakini ukarimu huo hauondoi wajibu wa eneo kujizalia walimu wake. Mtaa unaotegemea walimu wanaoweza kuondolewa kwa barua moja utafunga madarasa kila risasi inapolia.

Mtaala mpya umeongeza haraka ya jambo hili. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia gredi ya 10. Kiingereza kimebaki somo la lazima kwa wote, na fasihi kwa Kiingereza imekuwa somo la kuchaguliwa katika mkondo wa sayansi za jamii. Mtoto wa Nairobi akitaka kulichagua atalikuta. Shule ya Mandera isiyo na mwalimu wake haitalifungua kabisa, na mwenye kipaji atasukumwa kwenye mkondo mwingine kwa kuwa tu hakuna wa kumfundisha. Hivyo ndivyo waandishi, mawakili, wanahabari na wakalimani wa mahakama wanavyopotea kabla ya kuzaliwa.

Yanayotakiwa yanaweza kufanywa na watu waliopo, kwa mafungu yaliyopo. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zitenge sehemu ya basari zao kwa wanafunzi wa ualimu wa Kiingereza na fasihi, na kila anayenufaika atie sahihi ya kufundisha katika kaunti yake kwa idadi ya miaka sawa na ile aliyolipiwa. Chuo kiwapeleke kwenye mazoezi ya ufundishaji katika shule za kutwa za vijijini, pamoja na zile kubwa za mjini, chini ya mwalimu mzoefu anayelipwa kwa kazi hiyo ya malezi. TSC iwahesabu wahitimu hao kwanza inapojaza nafasi za eneo hilo, tena kwa ajira ya kudumu, kwani mkataba wa mwaka mmoja hauwezi kumfunga mtu na shule.

La mwisho ni la idara yenyewe, nalo halihitaji kungoja Nairobi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu arudi kwao na simu yake, arekodi kwa ridhaa ya wasanii gabay, buraanbur, vitendawili, nyimbo za kunywesha ngamia kisimani, tungo za Wapokomo na Waorma. Aandike jina la msanii, mahali na tarehe. Azinakili kwa tahajia sahihi, azitafsiri kwa Kiingereza na kuzifafanua. Hiyo iwe tasnifu yake. Kwa miaka kumi idara itakuwa na hazina ambayo hakuna chuo duniani kilicho nayo, na shule za eneo zitapata kitabu cha fasihi simulizi kilichotungwa kutokana na sauti za nyanya za wanafunzi wake. Washairi wa Garissa waalikwe darasani na walipwe kama wahadhiri wa kutembelea, maana ndivyo walivyo.

Wasomali husema ukosefu wa elimu ni ukosefu wa nuru. Serikali imezoea kuusikia usemi huo kama kilio cha watu wanaoomba taa kutoka kwingine. Chuo kipo, wanafunzi wapo, tungo zipo, na watoto wa gredi ya 10 wamekwisha kukaa kwenye madawati. Magavana watatu wa eneo hilo huwasilisha bajeti kwenye mabunge ya kaunti zao kila mwaka, na nafasi ya basari hizi iwemo.